Meza pepe kwa kikundi kilichotawanyika: kuchagua, kupima na kuandaa

Meza pepe ni programu inayowawezesha watu walio mbalimbali kucheza mchezo wa uhusika, yaani hadithi ambayo kila mchezaji anaigiza mhusika wake na dadu huamua matokeo, kana kwamba wamezunguka meza moja. Wote wanaona ramani ileile, kila mmoja anasogeza kete (kipicha) ya mhusika wake, dadu zinarushwa hadharani, na msimulizi, yaani anayeongoza hadithi, anafunika sehemu ambazo wahusika hawajafika. Zipo nyingi, na orodha nyingi zinazozilinganisha zimeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye kompyuta yenye nguvu na intaneti isiyohesabiwa. Mwongozo huu ni wa kikundi cha aina nyingine: msimulizi yuko Mwanga mjini Kigoma na kompyuta mpakato, wachezaji wawili wako Kasulu, mmoja Tabora mjini, mmoja Urambo, na watatu kati yao wanacheza kwa simu na bando. Kikundi kama hiki kinachagua kwa kuanzia kwa mwenye simu dhaifu, kisha kinaangalia seva, yaani kompyuta inayoendesha meza na kuwahudumia wote, itakaa wapi. Uzuri wa taa na vivuli unakuja mwisho kabisa.

Orodhesha vifaa kwanza

Kabla ya kufungua akaunti yoyote, kila mtu aandike kwenye grupu la WhatsApp mambo manne: anatumia simu au kompyuta, ina RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) kiasi gani, anatumia kivinjari gani, na anaingia mtandaoni kwa bando la simu au kwa ruta. Kwenye Android, RAM inaonekana kwenye Mipangilio, sehemu ya "Kuhusu simu". Msikubali jibu la "simu yangu iko vizuri", kwa sababu namba ndiyo itakayoamua.

Simu yenye RAM ya GB 2 inaweza kufungua ramani ndogo, ila mchezaji akihamia kwenye programu ya sauti kwa sekunde chache, Android huufunga ukurasa wa ramani ili ipate nafasi. Akirudi, ukurasa unaanza kupakia upya na MB zinakatwa tena. GB 3 inabahatisha. Kuanzia GB 4 meza pepe nyepesi inakwenda bila shida. Mwenye simu ya GB 2 asiachwe nje: sauti aiweke kwenye simu ya pili ya nyumbani, au abaki kwenye sauti peke yake, msimulizi amsogezee kete na kumtumia picha ya ramani kila hali inapobadilika.

Kivinjari nacho kina neno lake. Opera Mini ikiwa kwenye kiwango cha juu cha kubana data haifai, kwa kuwa kurasa zinaandaliwa kwanza kwenye seva zao halafu simu inapewa kitu kilichokwisha kupikwa. Ramani inayosogezwa muda wote haiwezi kufanya kazi hivyo. Weka Chrome au Firefox. Linki inayotumwa kupitia Telegram au Facebook mara nyingi hufunguka kwenye kivinjari cha ndani ya programu hizo, na hapo mchezaji anapoteza alichokwisha kupakua siku zilizopita. Mwambie ainakili na kuibandika Chrome. Chrome ikijitolea kutafsiri ukurasa kwa Kiswahili, akatae. Tafsiri ya aina hiyo hubadilisha maandishi chini ya miguu ya programu, vitufe vinaganda, na watu watalaumu mtandao bure.

Seva itakaa wapi

Hapa ndipo vikundi vingi hukwama, tena baada ya kulipa. Meza pepe zimegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza, mfano Roll20 na Owlbear Rodeo, zinakaa kwenye seva za kampuni: unafungua akaunti, unatuma linki, watu wanaingia. Kundi la pili, mfano Foundry VTT na MapTool, programu inakaa kwenye kompyuta ya msimulizi na wachezaji wanaifuata humo.

Tatizo la kundi la pili kwetu ni anwani, yaani namba inayotambulisha kifaa kwenye intaneti. Ili mtu aliye Urambo aifikie kompyuta iliyo Mwanga, kompyuta hiyo lazima iwe na njia ya kufikiwa kutoka nje, na kwenye bando la simu kwa kawaida haina: mtandao unawakusanya wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Unaweza kwenda nje, lakini hakuna anayeweza kubisha hodi kwako. Mafunzo mengi ya video yatakuambia ufungue mlango (port) namba 30000, ambao Foundry huutumia, kwenye ruta. Fanya ukaguzi huu kwanza usije ukapoteza jioni nzima:

1. Ingia kwenye ukurasa wa mipangilio ya ruta na uangalie anwani ya IP iliyopewa upande wa intaneti. Kama unatumia hotspoti ya simu, anwani hiyo iko kwenye taarifa za hali ya simu.
2. Kwenye kifaa hichohicho, fungua tovuti yoyote inayoonyesha anwani yako ya umma.
3. Linganisha. Zikiwa sawa, kufungua mlango kunaweza kufanya kazi. Zikitofautiana, na hasa ile ya kwanza ikianza na 10 au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya anwani ya pamoja. Acha kabisa habari ya kufungua milango.

Aliye nyuma ya anwani ya pamoja na bado anaitaka Foundry ana njia tatu. Ya kwanza ni kukodi seva kwa mwezi kwa watoa huduma wanaoiendesha, kama The Forge au Molten Hosting. Ya pili ni programu ya Tailscale, inayowekwa kwenye kompyuta ya msimulizi na kwenye kifaa cha kila mchezaji, na baada ya hapo wanaonekana kama wako mtandao mmoja. Anwani haibadiliki hata msimulizi akihama kutoka ruta kwenda hotspoti. Ya tatu ni Cloudflare Tunnel, ambayo wachezaji hawaweki chochote. Msimulizi anaweka programu ndogo ya cloudflared, anawasha Foundry, kisha anaandika amri hii:

cloudflared tunnel --url http://localhost:30000

Atapewa linki ya kutuma kwa wenzake. Linki hiyo hubadilika kila amri inapoanzishwa upya, kwa hiyo itumwe siku yenyewe. Na kwa kuwa iko wazi kwa dunia nzima, weka nywila ya msimamizi wa Foundry na nywila ya kila mchezaji kabla ya kuituma.

Hata njia ikipatikana, piga hesabu ya kupakia. Seva ikiwa kwako, kila mchezaji anaichukua ramani kupitia kasi yako ya kutuma. Ramani ya MB 3 kwa wachezaji 4 ni MB 12, yaani megabiti 96. Kasi yako ya kutuma ikiwa Mbps 2 (megabiti 2 kwa sekunde), watasubiri sekunde 48 bila kuhesabu sauti inayogombea njia hiyohiyo; ikiwa Mbps 1, dakika moja na nusu. Na hiyo ni ramani moja. Kwenye seva ya kukodi au ya kampuni, unaipakia mara moja mchana ukiwa na mtandao mzuri na habari inaishia hapo.

Hali moja inageuza haya yote: mkiwa nyumba moja au ukumbi mmoja, kwenye ruta moja, Foundry inafanya kazi vizuri bila kutumia intaneti kwa ramani. Wachezaji wanaandika anwani ya ndani ya kompyuta yako, inayoanza na 192.168 kwa kawaida, ikifuatiwa na :30000.

Programu zenyewe

Owlbear Rodeo ndiyo tunayoipendekeza kwa kikundi cha mfano wetu, na kwa vikundi vingi vya Kigoma na Tabora vinavyoanza. Ni ramani, kete, ukungu wa kufunika na dadu, basi. Inakubali vidole kwenye skrini ya simu, na mchezaji hahitaji akaunti: anabonyeza linki, anaandika jina, yuko ndani. Akaunti ya bure ya msimulizi ina vyumba 2 na nafasi ya MB 200, inayotosha kwa ramani nyingi zikitayarishwa vizuri. Upungufu wake ni kwamba haijui kanuni za mchezo wowote. Haikokotoi uharibifu wa upanga wala haikumbuki mhusika amebakiwa na uhai kiasi gani. Hesabu hizo zinabaki kwenye daftari, na kwa wanaojifunza hilo ni jema, maana anayejumlisha mwenyewe huzielewa kanuni mapema.

Roll20 ilianza mwaka 2012 na ina karatasi za wahusika za michezo mingi sana. Hapa ndipo inapoishinda Owlbear: mchezaji anabonyeza neno "wepesi" kwenye karatasi yake na dadu inarushwa ikiwa imeshaongezewa alama zake. Akaunti ya bure ina MB 100. Taa zinazofuata macho ya mhusika ni za wanaolipia, ila akilipa msimulizi peke yake wachezaji wote wanazipata katika mchezo wake. Shida ni kwamba meza yake imetengenezwa kwa skrini ya kompyuta. Kwenye simu vitufe vinabanana na kusogeza kete kunachosha. Ichague kama watu wote, au wote isipokuwa mmoja, wana kompyuta. Na hata ukilipia, zima zile taa kama kuna kompyuta ya zamani kundini, kwa sababu ndizo zinazoilemea kuliko kitu kingine.

Foundry VTT ilitoka mwaka 2020. Leseni inanunuliwa mara moja kwa dola 50 kabla ya kodi, na anayenunua ni msimulizi tu. Leseni moja inaruhusu seva moja kuwa wazi kwa wachezaji kwa wakati mmoja, kwa hiyo wasimulizi wawili wakichanga, wasipange vikao usiku mmoja. Inafanya mambo mengi kuliko nyingine: kanuni zinajiendesha, kuta zinazuia macho, sauti za mazingira zinasikika. Msimulizi anayetaka kuendesha hadithi moja kwa mwaka au zaidi na mwenye subira ya kujifunza atafaidi. Kwenye simu ni ngumu. Hata hivyo, katika mipangilio ya mchezaji binafsi kuna tiki ya kuzima uwanja wa ramani. Akiiweka, anabaki na karatasi ya mhusika na maandishi ya mazungumzo, na simu dhaifu inapumua. Wenye kompyuta za zamani washushe kiwango cha utendaji kiwe cha chini na picha kwa sekunde ziwe 30. Moduli za nyongeza ni tamu, lakini kila moja inapakuliwa na kila mchezaji. Anza na kanuni za mchezo na moduli zisizozidi tano.

Fantasy Grounds na MapTool zinataka kuwekwa kwenye kompyuta ya kila mtu, hivyo mwenye simu yuko nje. MapTool ni ya bure, na wote lazima wawe na toleo lilelile. Tabletop Simulator inauzwa kwenye duka la mtandaoni la Steam, kila mchezaji anahitaji nakala yake, na inadai kadi ya picha. Kwa kikundi chetu cha mfano, tatu hizi ziachwe.

Kuna pia kucheza bila meza pepe kabisa. Hadithi ya msafara wa kutoka Tabora kwenda Ujiji, yenye mazungumzo mengi na mapigano machache, haidai ramani ya miraba. Sauti, picha moja ya njia na dadu vinatosha. Msiaibike kuchagua hivi. Simulizi za usiku hazijawahi kuhitaji ramani.

Ramani: mahali MB zinapopotea

Tuchukue ramani ya meli ya Liemba, inayojulikana na kila mtu aliyekulia ukingoni mwa Ziwa Tanganyika na inayofaa sana kwa hadithi ya wizi au ya upelelezi. Meli ina urefu wa mita 71 hivi na upana wa mita 10. Katika michezo mingi mraba mmoja ni futi 5, yaani mita 1.5. Kwa hiyo sitaha inachukua miraba 48 kwa 7. Ongeza maji pembeni, ramani iwe miraba 52 kwa 12.

Sasa amua pikseli kwa mraba. Roll20 huanza na 70, Foundry na 100. Kwa 70, picha inakuwa pikseli 3640 kwa 840. Kwa 100 inakuwa 5200 kwa 1200. Kwa 140, kipimo ambacho wachoraji wengi huuzia ramani zao, inafika 7280 kwa 1680. Simu nyingi za zamani haziwezi kuchora picha yenye upande unaozidi pikseli 4096. Mwenye simu hiyo ataona weusi mtupu au ukurasa utajifunga, wakati wenzake wanaona meli bila tatizo. Kwa hiyo hapa chagua 70, au ikate meli vipande viwili, tezi na omo, kila kimoja kikiwa ramani yake.

Ukubwa wa faili nao unadanganya. Picha ikishafunguliwa, kila pikseli huchukua baiti 4 za kumbukumbu, haijalishi faili ilibanwa kiasi gani. Ile ya 70 inachukua takriban MB 12, ile ya 140 takriban MB 49. Ndiyo maana kubana faili peke yake hakuiokoi simu ya GB 2. Punguza pikseli kwanza, ndipo ubane.

Utaratibu ni huu: fungua picha kwenye GIMP, programu ya picha ya bure, punguza vipimo, hamisha kama JPG yenye ubora wa 75 hadi 80, au WebP kwa Foundry na Owlbear. Usitumie PNG kwa ramani nzima, iache kwa kete zenye mandharinyuma ya uwazi. Andika "52x12" kwenye jina la faili ili usihesabu miraba upya. Pia usiitume ramani kwa WhatsApp kama picha ya kawaida kisha uichukue tena kuipakia, kwani itakuwa imebadilishwa vipimo na miraba haitakaa sawa. Itume kama dokumenti.

Sauti

Msitumie sauti ya ndani ya meza pepe. Foundry haiwezi hata kupata maikrofoni ya mchezaji bila linki ya https, na kwenye Roll20 sauti inaelemea ukurasa uleule wenye ramani. Tumieni Discord, programu ya mazungumzo ya sauti, au simu ya grupu ya WhatsApp. Google Meet ya bure hukata baada ya dakika 60 mkiwa watatu au zaidi.

Chaneli ya sauti ya Discord kwa kawaida ni kbps 64 (kilobiti 64 kwa sekunde). Mtu mmoja akizungumza mfululizo, hiyo ni MB 29 kwa saa. Kikao cha saa 3, watu wakipokezana maneno, tenga MB 150 kwa sauti ili uwe salama. Mwenye chaneli anaweza kushusha hadi kbps 32 katika mipangilio ya chaneli, na sauti bado inaeleweka. Video ni habari nyingine: kwa Mbps 1 inakula MB 450 kwa saa. Zimeni kamera.

Jaribio la nusu saa

Lifanyike siku tofauti na ya mchezo, saa ileile mtakayokuwa mnacheza, kwani mtandao wa saa 2 usiku si wa saa 4 asubuhi. Kabla ya kuanza, kila mwenye bando aandike matumizi ya data yanayoonekana kwenye simu. Kisha wote kwa pamoja:

1. Fungueni linki na muingie kwenye sauti.
2. Kila mmoja asogeze kete yake miraba mitatu na wengine wathibitishe wameiona.
3. Kila mmoja arushe dadu. Kwenye Roll20 na Foundry ni /r 1d20+5 (dadu moja ya pande 20, jumlisha 5) kwenye sanduku la maandishi. Owlbear ina kiendelezi cha dadu.
4. Msimulizi afunue ukungu wa chumba kimoja, kisha aulize kila mtu anaona nini. Wachezaji waeleze kwa maneno, wasijibu "naona" tu.
5. Wenye simu waende kwenye WhatsApp, wakae dakika moja, warudi.
6. Kila mmoja azime data kwa sekunde 10 na kuiwasha.

Andikeni matumizi ya data tena mwishoni. Hatua ya 4 hufichua ramani nyeusi, ya 5 hufichua RAM ndogo. Mtu mmoja akishindwa, mpangieni njia yake. Wakishindwa wawili kati ya watano, shukeni ngazi: kutoka Foundry kwenda Owlbear, au kutoka Owlbear kwenda sauti na picha.

Mambo ya kukamilisha

Kwa malipo ya dola utahitaji kadi ya Visa au Mastercard iliyoruhusiwa kununua mtandaoni. Kadi pepe inayofunguliwa kupitia pochi ya simu nayo hukubalika sehemu nyingi. Weka fedha zaidi kidogo ya bei, sababu kodi na tofauti ya kubadilisha dola huongezeka, na muamala ukipungukiwa hata kidogo hukataliwa wote. Usilipie mwezi wa Roll20 wala leseni ya Foundry kabla ya jaribio. Foundry ina ukurasa wa majaribio kwenye tovuti yake.

Kanuni za msingi za mchezo wa uhusika wa Dungeons & Dragons, toleo la SRD 5.1, ziliwekwa chini ya leseni ya Creative Commons CC-BY 4.0 mwezi Januari 2023. Unaruhusiwa kuzitafsiri na kuzisambaza ukitaja zilikotoka. Andaa karatasi ya mhusika ya ukurasa mmoja: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara, haiba, uhai, silaha. Wachezaji wapya wanashika mchezo upesi wakiisoma kwa lugha wanayoizungumza.

Katika tangazo la kikao andika "saa 2 usiku, 20:00". Mwenzenu aliye nje ya nchi akisoma "saa 2" peke yake ataingia saa nyingine kabisa.

Umeme ukikatika, kompyuta mpakato ina betri lakini ruta haina. Ruta nyingi za nyumbani hutumia volti 12, na kibetri kidogo cha kuhifadhi umeme wa ruta kinatosha hadi kikao kiishe. Hakikisha volti na plagi vinalingana na maandishi ya kwenye adapta. Bila hicho, weka bando la akiba kwenye simu ya msimulizi kwa ajili ya hotspoti.

Mwisho, nakala. Kwenye Foundry funga programu kabisa, ndipo unakili folda ya worlds iliyo ndani ya Data kwenda kwenye flashi. Ukinakili ikiwa wazi, hifadhidata inaweza kutoka imeharibika. Kwa sababu hiyohiyo folda ya Foundry isikae ndani ya OneDrive au Dropbox. Fanya nakala kabla ya kila sasisho, maana dunia ya mchezo ikishahamishiwa toleo jipya hairudi kwenye la zamani. Kwenye Roll20 na Owlbear, tunza ramani na kete za asili kwenye folda yako na uandike hali ya kila mhusika mwisho wa kikao, ili siku mkihama programu mhame na kila kitu.